Dawa ya kupaka ukuta usinywe maji: kwa nyumba zetu za pwani ya Mtwara inasaidia kweli?

MwanaShangani

Wakuu habari. Naomba msaada wa kitaalamu, na wa uzoefu pia.

Nina nyumba Shangani hapa Mtwara, si mbali na bahari. Tofali za saruji inchi 6, plasta, juu rangi ya maji. Ukuta umeanza kuharibikia chini. Rangi inavimba, ukiigusa inabanduka, na nyuma yake kuna unga mweupe. Nimeuonja, ni chumvi tupu. Sehemu nyingi uharibifu unaishia usawa wa goti, ila kuna mahali umepanda mpaka karibu na soketi za umeme. Nimekwangua na kupaka upya zaidi ya mara moja. Mvua zikianza tu, hali inarudi ileile.

Sasa kuna muuzaji wa vifaa vya ujenzi kanionyesha dawa ya majimaji isiyo na rangi. Alichukua tofali, nusu akaipaka, nusu akaiacha, akaacha ikauke, halafu akamwagia maji. Upande usiopakwa ulikunywa papo hapo ukawa mweusi. Upande wa dawa maji yalijikusanya matone, yakateleza kama yapo juu ya jani la mgimbi. Anasema nikipaka nyumba nzima kwa nje, tatizo limekwisha na miaka kumi sitakuwa na wasiwasi. Kinachonifanya niulize ni bei: ndoo ya lita ishirini ni hela ya mifuko mingi ya saruji.

Dawa hizi zinafanyaje kazi? Na kwa tatizo langu zinafaa? Aliyewahi kuzitumia huku kusini atuambie.

FundiMtanda

Usinunue. Tatizo lako ni msingi. Aliyekujengea hakulaza nailoni juu ya msingi kabla ya kupandisha kuta, au aliilaza vipandevipande ikaacha mianya. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanabeba chumvi, yakifika usawa wa goti yanakauka na chumvi inabaki. Nipo Lindi, nimekarabati nyumba nyingi za namna hiyo, na alama yake ndiyo hiyo uliyoitaja. Ukipaka dawa nje, maji ya chini hayana habari nayo.

Chikongola_Boy

Fundi heshima yako, ila kila uzi wa nyumba wewe ni msingi tu. Mtu akilalamika bati linavuja utamwambia akachimbe msingi.

Jamaa yupo pwani. Mvua ya upepo inapiga ukuta ubavuni, plasta inakunywa, na pale chini inazidi kwa sababu ya maji yanayoruka kutoka ardhini. Kusi ikivuma na mvua hakuna ukuta unaopona. Hapo dawa ya kupaka ndiyo mahali pake.

NahodhaMikindani

Mdogo wangu wa Chikongola, kusi na mvua wapi na wapi? Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, na huo ni wakati wa kaskazi. Kusi ikishashika baada ya hapo, huku kunakuwa kukavu.

Kusi inaleta kitu kingine, nacho ni rasharasha za chumvi. Simama ufukweni Shangani jioni ya Julai kisha lamba midomo yako. Kuta zinazotazama kusini-mashariki zinapakwa chumvi hiyo miezi yote ya kiangazi bila tone la mvua. Desemba mvua inakuja kuiyeyusha na kuiingiza ndani ya plasta.

Chikongola_Boy

Pepo ni zako nahodha, mimi sibishani na mtu wa jahazi. Lakini iwe kusi iwe kaskazi, mnaona wenyewe maji na chumvi vinatoka nje. Dawa ipakwe nje.

Mgeni_Masasi

MwanaShangani umelamba ukuta? Watani zangu wa pwani, samaki wameisha?

MwanaShangani

Mtani wa Masasi nimekusikia, karibu ule samaki mwenyewe.

Niongeze jambo ambalo sikulisema. Ukuta wa ndani unaotenganisha sebule na korido nao umeanza, upande wa korido. Mvua haiufikii kabisa.

FundiMtanda

Imekwisha hiyo. Msingi.

BombaSafi

Taratibu fundi. Mwenye nyumba, bafu lipo wapi? Bomba lililofukiwa ukutani likiwa na tundu dogo, maji hayatoki nje ukayaona, yanatambaa ndani ya tofali. Usiku funga bomba zote, mtu asitumie maji, andika namba za mita. Asubuhi kabla ya kufungua soma tena. Zikiwa zimesogea, usihangaike na dawa wala msingi.

MwanaShangani

Bafu lipo mwisho wa korido hiyohiyo. Nitaangalia mita.

Maabara77

Nimefanya kazi ya rangi na kemikali za ujenzi kwa muda, naomba niingie kwenye swali lenyewe, maana bado hamjamjibu dawa ni nini.

Tofali la saruji lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na vimeungana. Uso wa madini ndani ya vitundu hivyo unapenda maji, ndiyo maana maji yanajivuta yenyewe, hata kwenda juu, bila kusukumwa na chochote. Kitundu kikiwa chembamba zaidi, maji yanapanda juu zaidi.

Dawa aliyoonyeshwa bila shaka ni ya jamii ya silikoni. Ndani ya jamii hiyo kuna ndugu kadhaa. Sileni ni molekuli ndogo, zinapenya ndani milimita kadhaa. Siloksani ni kubwa kidogo, hazizami sana lakini zinafanya kazi haraka na haziruki hewani ovyo. Hizi mbili, upande mmoja wa molekuli hushikana na madini ya ukuta, na upande wa pili hubaki na mkia unaokataa maji. Kazi ikikamilika, kitundu kinabaki wazi, ila kuta zake hazivuti maji tena. Mvuke unapita, mvua haiingii. Hapo ndipo zinapotofautiana na rangi ya mafuta au vanishi ya akriliki, ambazo zinaweka utando na kuziba mdomo wa kitundu.

Ndugu wa tatu anaitwa silikoneti, mara nyingi ya potasiamu. Inachanganywa na maji, ni rahisi kuliko wenzake, na wauzaji wengi huipenda. Inahitaji hewa ukaa iliyomo hewani ili igande. Ukipaka nyingi kupita kiasi inaacha ukungu mweupe ukutani. Ni kali sana kwa ngozi na macho, msiishike mikono mitupu.

Mipaka yake ni hii. Dawa hizi hazizuii maji yenye shinikizo, kwa hiyo si kwa ajili ya tangi wala ukuta uliozikwa udongoni. Haziunganishi nyufa, ufa unaofika theluthi ya milimita maji yanapita kama kawaida. Ukuta lazima uwe mkavu wakati wa kupaka, maana kitundu kilichojaa maji hakina nafasi ya dawa. Na plasta mpya isubiri, watengenezaji wengi wanataka siku 28.

Kuhusu miaka kumi ya muuzaji: kinachofanya dawa idumu ni kina ilichopenya. Yale matone mazuri ya juu jua linayaua mapema, na watu wanadhani dawa imekwisha, kumbe ndani bado inakataa maji. Na kinyume chake pia, matone yanaweza kupendeza juu huku dawa imeingia unene wa karatasi tu.

DadaLigula

Ahsante Maabara, umeeleza vizuri. Mimi nimeiona ikifanya kazi na nimeiona ikiharibu, nieleze zote mbili.

Nyumbani tuna ukuta wa pembeni usio na baraza wala paa la kuukinga, unapigwa na mvua moja kwa moja. Ndani chumba kilikuwa na alama ya maji kuanzia dirishani kushuka chini, kila msimu. Tuliziba nyufa, tukaacha ukuta ukauke kiangazi chote, tukapaka dawa ya silikoni mara mbili, ya pili kabla ya ya kwanza kukauka kama maelekezo yalivyotaka. Chumba kimekaa kikavu. Hata harufu ya uvundo iliondoka.

Sasa hii ya pili. Kuna jengo la ofisi hapa mjini, silitaji, lilikuwa na tatizo kama la MwanaShangani, chumvi chini. Wakapaka dawa nje kuanzia chini mpaka juu. Mwanzo ulipendeza, unga mweupe haukuonekana. Baadaye plasta ilianza kutoka mapande mapande, ukilishika pande mgongoni mwake kuna tabaka la chumvi imeganda, punje zinang'aa. Ukuta ukawa mbaya kuliko walivyouanza.

MsimamiziSite

DadaLigula umegusa kiini, na hili watu wa pwani tunapaswa kulijua kabla ya kutoa hela.

Kama chumvi tayari imo ndani ya ukuta na maji yapo nyuma yake, ukiweka tabaka linalokataa maji mbele, maji ya chumvi hayafiki usoni. Yanakaukia nyuma ya tabaka la dawa kwa sababu mvuke unapita, lakini chumvi haigeuki mvuke. Inaganda palepale, punje zinakua, zinasukuma. Nguvu ya punje za chumvi zinazokua ndani ya vitundu inavunja hata jiwe. Kabla ya dawa chumvi ilikuwa inatoka nje unaifagia. Baada ya dawa inang'oa ukuta.

Nataka niweke na maelezo mengine tofauti na ya fundi. Mimi nashuku mchanga. Nimesimamia kazi pwani hii, nimekuta tofali zimefyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni na maji ya kisima chenye magadi, kwa sababu mchanga wa mtoni uko mbali na lori ni ghali. Tofali kama hilo lina chumvi yake tangu siku ya kwanza. Halihitaji maji ya msingi wala mvua. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta unyevu kutoka hewani hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, na usiku wetu wa pwani, hasa msimu wa mvua, unapita hapo bila shida. Usiku ukuta unalowa wenyewe, mchana unakauka, chumvi inayeyuka na kuganda, inayeyuka na kuganda. Hilo linaeleza mpaka ukuta wa korido.

FundiMtanda

Msimamizi, sikatai kuna mafundi wanaochota ufukweni, lakini si wote, na tusiwatupie mafundi kila kitu. Mwenye nyumba ndiye anayesema mchanga wa lori ghali, leta wa hapa jirani. Fundi analipwa kwa tofali, hana sauti.

Halafu nijibu hili: kama ni mchanga, kwa nini uharibifu uishie gotini? Tofali za juu zimefyatuliwa na mchanga uleule. Zingechubuka mpaka kwenye linta.

MsimamiziSite

Swali zuri. Jibu langu ni kwamba chini kuna unyevu mwingi zaidi wa kuiamsha, ikiwemo maji ya kudekia nyumba. Na mwenyewe kasema mahali pengine imefika kwenye soketi.

FundiMtanda

Umeshakubali kuna unyevu chini basi. Tunakaribia msingi.

Mgeni_Masasi

Fundi hachoki jamani.

BombaSafi

Na mimi bado nasubiri mita.

Chikongola_Boy

Hivi mbona tunateseka na kemikali, wakati majengo ya Wareno kule Kilwa yamesimama karne na karne pembezoni mwa bahari, hayana dawa wala nailoni?

MamaKivinje

Mwanangu, hayo si ya Wareno. Wareno walifika Kilwa 1505 wakakuta mji umeshajengwa zamani. Husuni Kubwa ni ya mwanzoni mwa karne ya 14, ilikuwa imeshatimiza karibu miaka 200. Msikiti Mkuu una sehemu za zamani zaidi ya hapo. Waliojenga ni watu wa pwani hii hii, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kilichoanzwa na Wareno ni ngome ya pale ufukweni tunayoiita Gereza, na hiyo nayo Waomani waliijenga upya.

Na usidhani yamesimama bila shida. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia 1981, na mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya hatari, mpaka 2014 ndipo yakatolewa baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mawimbi, mvua na mizizi ya miti vinayala.

Lakini chokaa ina siri yake. Ni laini, inapumua. Maji yakiingia yanatoka, na chumvi inaharibu chokaa kwanza kabla ya jiwe. Unapiga lipu nyingine, jiwe limebaki salama. Nyumba za zamani hapa Kivinje zilizozibwa kwa saruji ndizo nilizoziona zikitokwa na mapande.

Maabara77

MamaKivinje shikamoo. Naunga mkono, na niongeze kwa wanaofikiria kupaka dawa za silikoni kwenye nyumba za mawe na chokaa. Sileni inashika vizuri kwenye madini yenye silika, kama mchanga, tofali la kuchoma na zege. Matumbawe na chokaa ni kalsiamu kaboneti, hayana zile shikizo ambazo molekuli inazitafuta, kwa hiyo mshiko wake ni dhaifu. Mtu asije akamwaga ndoo nzima kwenye nyumba ya urithi kule Mikindani kwa sababu aliona video ya tofali.

MamaKivinje

Marahaba baba.

NahodhaMikindani

Mmetaja chokaa, na mimi nina la kusema. Vyombo vyetu vilikuwa vinapakwa deheni chini, chokaa imepondwa na shahamu mpaka inakuwa ugali mzito, unapaka kwa mkono ukiinamia mkuku, chombo kikiwa kimepanda mchangani. Juu ya maji mbao zinapakwa sifa, mafuta ya papa, harufu yake inakaa mwilini wiki. Chombo kilichopakwa deheni vizuri hakinywi maji na kombe hazikipendi. Wazee hawakuwa na maabara. Je, deheni haiwezi kupakwa ukutani?

Maabara77

Nahodha, hilo swali limenifurahisha sana kwa sababu kemia yake ni ileile ya kiwandani. Shahamu ikikutana na chokaa inageuka sabuni ya kalsiamu. Sabuni ya kufulia inayeyuka, ya kalsiamu haiyeyuki na inakataa maji. Ule unga wa kuzuia maji unaochanganywa na saruji ya plasta, nyingi zake ndani yake ni stearati ya kalsiamu, yaani sabuni hiyohiyo.

Morocco wana lipu ya chokaa inaitwa tadelakti, wanaisugua kwa jiwe laini na sabuni ya mzeituni, wanaipaka mpaka kwenye kuta za bafu. Na Ulaya na Marekani karne ya 19 walikuwa wanapaka ukuta maji ya sabuni, ukikauka wanapaka maji ya shabu, tena na tena, ili sabuni isiyoyeyuka ijifanyie ndani ya vitundu. Silikoni zilikuja kuwa bidhaa ya kiwandani katika miaka ya 1940, baada ya Eugene Rochow wa General Electric kupata njia rahisi ya kutengeneza malighafi yake mwaka 1940. Kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa inatumia mafuta, nta na sabuni.

Deheni yenyewe ukutani sishauri. Ni nene, itaziba, joto litailainisha na vumbi litaganda. Lakini wazo lilikuwa sahihi.

KoroshoSafi

Huku Tandahimba wazee wanapaka nguzo mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayounguza. Nguzo haishikwi na mchwa wala haiozi haraka. Kwani haiwezi kuwa dawa ya ukuta? Malighafi tunayo, tunaichoma ovyo, halafu tunaagiza ndoo kutoka nje.

Maabara77

Kwa mbao ni kitu kizuri na dunia inakinunua. Kinatumika kutengeneza rangi, gundi na breki za magari. Kwa ukuta wa saruji kitaacha weusi usiotoka na rangi ya maji haitashika juu yake. Na tahadhari, kinachubua ngozi vibaya, anayebangua korosho anajua.

KoroshoSafi

Mama yangu mikono yake inajua. Ila nimekusikia, tutafute watu wa kutujengea kiwanda cha hayo mafuta huku huku. Msimu uliopita tumeuza korosho ghafi tena, na kubangua kwetu ni kwa kubahatisha.

Mgeni_Masasi

Huo uzi mwingine ndugu, mwenye nyumba ukuta unaanguka.

Chikongola_Boy

Mimi nasikia ukichanganya oili chafu ya gari kwenye plasta maji hayapiti. Kuna mtu kajaribu?

MsimamiziSite

Usijaribu. Oili inazuia saruji kushikana na plasta inakuwa dhaifu. Huwezi kupaka rangi, na mtoto akiegemea anachafuka.

MwanaShangani, kabla ya kununua chochote fanya hivi, havina gharama. Chukua nailoni nyepesi, kata kipande cha kama futi mbili kwa mbili, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne hewa isipite. Iache siku mbili au tatu. Ukikuta maji nyuma ya nailoni, upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Ukikuta maji juu ya nailoni, upande wa chumba, ni hewa ya ndani inayogandia kwenye ukuta wa baridi. Bandika moja nje, moja korido, na moja juu karibu na linta.

Halafu chimba kidogo pembeni ya ukuta nje. Angalia kama udongo au sakafu ya nje umepanda juu ya ile nailoni ya msingi. Nyumba nyingi huwa nzuri mpaka mtu anapomwaga zege la uwanja au kupanda maua juu ya usawa wake, na maji yanaruka daraja.

MwanaShangani

Nimefanya mliyoelekeza.

Mita haikusogea usiku. Nje, nailoni ya chini ina maji nyuma yake, ya juu karibu na linta kavu kabisa. Kwa korido nimechanganyikiwa: kuna maji nyuma ya nailoni na kuna ukungu wa maji juu yake pia. Nimechimba nje, zege la uwanja kweli limepanda, limefunika usawa wa sakafu ya ndani upande mmoja. Nailoni ya msingi nimeiona upande mmoja tu, imechanika.

FundiMtanda

Imeonekana?

BombaSafi

Mita haikusogea, sawa, lakini mita haisomi maji machafu. Bomba la kutoa maji ya bafu halina presha na halipiti kwenye mita. Likiwa limepasuka chini ya sakafu, korido italowa na mita itakaa kimya. Ziba shimo la bafu, jaza maji sakafuni vidole viwili, weka alama, angalia baada ya saa kadhaa kama yameshuka.

DadaLigula

Sebuleni una kiyoyozi?

MwanaShangani

Ndiyo dada, kinawaka jioni mpaka usiku.

DadaLigula

Basi huo ukungu wa juu ya nailoni upande wa korido una maelezo. Sebule imepoa, ukuta umepoa, korido ina hewa nzito ya pwani. Hewa hiyo ikigusa ukuta wa baridi inaacha maji. Sisi tulikuwa nalo chumba cha wageni. Kilichosaidia ni kufungua hewa koridoni na kupunguza ubaridi wa kiyoyozi, dawa ya ukuta haikuwa na kazi hapo.

Chikongola_Boy

Sasa tuna msingi, mchanga, bomba, kiyoyozi, uwanja na rasharasha za nahodha. Nyumba moja!

MsimamiziSite

Na vyote vinaweza kuwepo kwa pamoja. Mimi bado nasema tofali lenyewe lipimwe. Vunja moja la chini na moja la juu, saga, loweka kwenye maji safi, peleka maabara wapime kloraidi. La juu likiwa na chumvi nyingi sawa na la chini, fundi anarudi nyuma, mchanga unahusika. Hilo ni muhimu hata zaidi ya rangi, kwa sababu kama zege la linta na nguzo limepigwa kwa mchanga uleule, kloraidi inakula nondo. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na zege linapasuka kwa ndani.

Kwa upande huo nikiri sifa ya dawa: nchi za Ulaya zinapaka sileni kwenye madaraja ili chumvi ya barabarani isifike kwenye nondo. Ila wanapaka zege likiwa bado safi. Ukipaka baada ya chumvi kuingia umefungia mlango mwizi akiwa ndani.

FundiMtanda

Kupima ni sawa, apime. Kwangu mimi kazi ingeanza hivi: vunja zege la uwanja lililopanda, shusha, mpe maji mtaro wa kuondokea. Bandua plasta yote iliyooza, na uende juu yake nusu mita. Acha tofali wazi ipumue kiangazi chote, ukiifagia chumvi kwa brashi kavu, si kwa maji. Nailoni ya msingi iliyochanika huwezi kuivuta bila kubomoa, kwa hiyo pale ndipo hiyo dawa inaweza kuingia, siyo kwa kupaka.

Maabara77

Fundi yupo sahihi hapo. Kuna sileni iliyotengenezwa nzito kama losheni. Unatoboa matundu ya milimita 12 hivi kwenye mstari wa udongo wa saruji kati ya tofali, sentimita 15 juu ya ardhi, kila sentimita 12, unaijaza. Inasambaa yenyewe ndani ya vitundu na kutengeneza mkanda unaokataa maji ya chini. Haiondoi chumvi iliyokwishapanda, ndiyo maana plasta ya zamani lazima itoke.

MamaKivinje

Na plasta mpya iwe ya chokaa, si saruji tupu. Hata ikichubuka baadaye, imekula chumvi badala ya ukuta.

NahodhaMikindani

Chokaa sawa mama, lakini asinunue ile inayochomwa kwa matumbawe hai yaliyochokolewa baharini. Tumeharibu miamba ya samaki kiasi cha kutosha. Chokaa ya mfuko ya dukani ipo.

MsimamiziSite

Sikubaliani na kutoboa kabla ya kipimo cha tofali. Akitoboa na kumbe chumvi imo kwenye tofali lote, atakuwa amelipia mkanda na ukuta utaendelea kulowa kwa hewa ya usiku.

FundiMtanda

Na akingoja maabara mvua za Desemba zitamkuta plasta imebanduliwa nusu.

MwanaShangani

Nashukuru wote. Naanza na uwanja na mtaro wiki hii, sampuli za tofali nazipeleka, na sakafu ya bafu naijaza maji leo usiku. Dawa ya nje nimemwambia muuzaji asubiri.

BombaSafi

Ziba vizuri, tumia kitambaa ndani ya nailoni. Ukiziba ovyo maji yatashuka na utanisingizia bomba.

PwaniMitwero

Nimechelewa kuuona uzi. Kwa watakaopaka silikoneti kwenye kuta zao safi, funikeni vioo na fremu za alumini kwa nailoni kabla ya kupulizia, na msipulizie upepo ukivuma. Ikidondokea kioo ikakauka haitoki kwa kufuta, inakula kioo chenyewe. Madirisha yetu ya mbele bado yana madoa.

Na Maabara77, nina swali: vigae vya udongo vya paani navyo vinapakwa dawa hiyohiyo, au kuna yake?